Kivinjari Kimoja, Maktaba Mbili

Tuseme timu ya wasanidi programu ina majaribio mia kadhaa ya tovuti yao, yote yameandikwa kwa Selenium, na mengine yana umri wa miaka kumi. Yanafungua kivinjari, yanaingia kwenye akaunti, yanajaza fomu, yanabofya vitufe na kuhakiki risiti inayotoka mwishoni. Kisha anaajiriwa mtu anayeifahamu vizuri Playwright, maktaba nyingine ya kuongoza vivinjari, naye anaona kazi ambazo huko angezifanya kwa urahisi zaidi: kunasa maombi yanayokwenda kwenye seva, kusubiri kitufe kiwe tayari bila kupangiwa muda, kurekodi kila hatua ili jaribio likianguka sababu ionekane. Timu haiwezi kutupa kazi ya miaka kumi, wala haifai kumfunga mikono mtu aliyekuja na ujuzi. Hapo ndipo linapozuka swali la sura hii. Selenium ikishafungua kivinjari na kuvuka hatua ya kuingia, pamoja na ile namba ya mara moja inayotumwa kwenye simu, je, Playwright inaweza kukishika kivinjari kilekile, kwenye ukurasa uleule, na kuendelea na kazi?

Inaweza. Ila ili kuelewa inavyowezekana, na kwa nini watu wengi hujaribu wakashindwa, lazima tujue kwanza kipindi cha kivinjari kinaishi wapi. Wengi hudhani kinaishi ndani ya msimbo wao, katika kile kigeu walichokiita driver. Sivyo. Katika itifaki ya WebDriver, ambayo Selenium huitumia na iliyopitishwa na W3C kuwa kiwango rasmi mwezi Juni 2018, msimbo wa jaribio hutuma ombi la HTTP kwenye programu ndogo inayosimama katikati: chromedriver kwa Chrome, geckodriver kwa Firefox. Ombi la kwanza ni POST kwenye njia ya /session. Dereva huyo hufungua kivinjari, kisha hurudisha kitambulisho, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kuanzia hapo kila amri, iwe ya kufungua ukurasa, kutafuta kipengele au kubofya, hupita kwenye njia yenye kitambulisho hicho. Kazi ikiisha, ombi la DELETE kwenye njia hiyohiyo hukifunga kipindi.

Hakuna sahihi wala nywila katika mazungumzo hayo. Anayejua anwani ya dereva na kitambulisho cha kipindi anaweza kutoa amri, na dereva haulizi amri imetoka kwenye Java, Python au Ruby. Ni kama kadi ya kliniki: faili la mgonjwa liko masijala, na muuguzi yeyote wa zamu akipewa namba ya kadi ataendelea na matibabu pale mwenzake alipoishia.

Kuna kipindi cha pili ambacho watu hukichanganya na hiki, nacho ni kile cha tovuti yenyewe. HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi huifikia seva kama ombi la mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi, vipande vidogo vya taarifa ambavyo kivinjari hurudisha kwa seva katika kila ombi, na ndivyo vinavyoiwezesha tovuti kumtambua aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo kuna kipindi kati ya jaribio na kivinjari, na kuna kipindi kati ya kivinjari na tovuti. Mtu akisema anataka kushiriki kipindi, kwanza aulizwe ni kipi. Majibu ya maswali hayo mawili ni tofauti kabisa, na siku nyingi za kazi hupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Haja ya kushiriki kivinjari si mpya. Jason Huggins alianza Selenium mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks mjini Chicago, kwa ajili ya kujaribu mfumo wa ndani wa kampuni wa kujaza saa za kazi na gharama. Selenium ya mwanzo ilikuwa JavaScript iliyokaa ndani ya ukurasa wenyewe, na kwa hiyo ilifungwa na kanuni ya usalama ya vivinjari: msimbo uliotoka chanzo kimoja hauruhusiwi kugusa ukurasa uliotoka chanzo kingine. Selenium RC ikaikwepa kanuni hiyo kwa kuweka seva wakala katikati, ili kivinjari kiamini kwamba Selenium na tovuti vinatoka mahali pamoja. Mapema mwaka 2007 Simon Stewart akatoa WebDriver, iliyochukua njia nyingine: kukiongoza kila kivinjari kutoka nje, kwa mlango wa kivinjari chenyewe. Mwaka 2009 miradi hiyo miwili ikatangaza kuungana, na Selenium 2.0 ikatoka Julai 2011.

Muungano huo uliacha tatizo lilelile la timu yetu. Duniani kulikuwa na majaribio mengi mno yaliyoandikwa kwa mtindo wa RC, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuyaandika upya yote kwa WebDriver. Waandishi wa Selenium walijibu kwa namna ambayo mimi naiona kuwa moja ya kazi za heshima kubwa katika fani hii. Walitengeneza daraja liitwalo WebDriverBackedSelenium. Unampa dereva wa WebDriver aliyekwisha kufunguliwa, naye anakurudishia kitu chenye amri zote za zamani za RC. Jaribio la zamani linaendelea kusema maneno yake ya zamani, lakini chini yake kivinjari kinaongozwa na WebDriver. Na ukimhitaji dereva mwenyewe, unamwomba kutoka kwenye daraja hilohilo. Hivyo ndani ya jaribio moja mistari kumi ya kwanza ingeweza kuwa ya RC na mitano inayofuata ya WebDriver, juu ya dirisha moja. Walijenga hata daraja la upande wa pili, la kuiwezesha WebDriver kuongoza vivinjari vilivyofikiwa na RC peke yake. Watu walihama ukurasa kwa ukurasa, bila kusimamisha kazi. Sijui kwa nini miradi mingi ya leo huwaambia watumiaji wake waruke tu, ilhali mfano wa kuvushwa ulikwisha kuwekwa.

Pale ambapo maktaba zote mbili zina Selenium chini yake, na zote zinaendeshwa ndani ya mchakato mmoja wa kompyuta, kushiriki ni jambo la kupokezana kitu kimoja tu. Robot Framework inaonyesha hili vizuri. Mizizi yake ni tasnifu ya uzamili ya Pekka Klärck huko Helsinki mwaka 2005; ikakuzwa ndani ya Nokia Networks, na mwaka 2008 ikatolewa kama programu ya chanzo huria. Mwandishi wa majaribio huandika maneno ya kawaida kama Open Browser au Click Element, na SeleniumLibrary huyageuza kuwa amri za WebDriver. Mtu akitaka kuongeza maktaba yake mwenyewe ya Python, haimpasi kufungua kivinjari kipya. Anaiomba Robot Framework impe ile nakala ya SeleniumLibrary inayofanya kazi sasa hivi, kwa get_library_instance, kisha anasoma sifa yake ya driver. Hapo anashika dereva yuleyule. Selenide ya Java nayo hukubali dereva uliyemfungua mwenyewe, kupitia setWebDriver, na tangu hapo jukumu la kumfunga linabaki kwako uliyemfungua. Nitalirudia jambo hilo la kufunga, kwa maana ndilo linaloharibu mengi.

Pale ambapo michakato ni miwili, watu hutumia kitambulisho. Wanakiandika kwenye faili pamoja na anwani ya dereva, na programu ya pili inakisoma. Kikwazo ni kwamba maktaba za Selenium zimejengwa kuanza kwa kuomba kipindi kipya, kwa hiyo anayetaka kujiunga na cha zamani hulazimika kuizuia ile amri ya kwanza na kuipa maktaba jibu la kubuni lenye kitambulisho alicho nacho. Hila hiyo hufanya kazi, lakini ina shimo lake. Kabla ya kiwango cha W3C kulikuwa na itifaki ya zamani iliyoitwa JSON Wire, na hizi mbili zinafanana kama lahaja mbili za lugha moja. Katika ya zamani, marejeo ya kipengele cha ukurasa yalikuja chini ya jina ELEMENT. Katika ya W3C yanakuja chini ya jina refu lisilobadilika, element-6066-11e4-a52e-4f735466cecf. Maktaba hujua ni lahaja ipi inayozungumzwa kwa kusikiliza jibu la ombi la kwanza. Ukiliruka ombi hilo, haijui. Kipindi kinajiunga, ukurasa unafunguka, kisha amri ya kwanza ya kubofya inakataa bila sababu inayoeleweka. Mtu huketi nusu siku akikagua ukurasa wake, kumbe ukurasa hauna kosa lolote.

Tukubali basi kwamba maktaba mbili zimeshika kipindi kimoja cha WebDriver. Zimeshiriki nini hasa? Zimeshiriki zaidi ya dirisha. Kipindi hukumbuka ni kichupo gani kinachotumika sasa na ni fremu gani ndani yake. Maktaba ya kwanza ikiingia kwenye fremu ya malipo na kusahau kutoka, maktaba ya pili itatafuta kitufe cha ukurasa mkuu na kuambiwa hakipo, ingawa binadamu akitazama skrini anakiona.

Kipindi hukumbuka pia muda wa kusubiri. Kwa kiwango cha W3C, subira ya kimyakimya ya kutafuta kipengele huanza na sifuri, ya kupakia ukurasa ni milisekunde 300,000 na ya msimbo ni 30,000. Lakini maktaba yoyote inaweza kuzibadilisha, na badiliko hilo linakaa upande wa dereva, si upande wa maktaba. Sasa maktaba moja iweke subira ya kimyakimya ya sekunde 10, nayo ya pili, isiyojua lolote, iwe na mtindo wake wa kuuliza tena na tena hadi sekunde 15 ziishe. Nyaraka za Selenium zenyewe zinaonya juu ya mchanganyiko huu, na zinataja hasa namba hizo: jaribio linaweza kukata tamaa baada ya sekunde 20, muda ambao hakuna aliyeuandika popote. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu hitilafu ya namna hii haijitangazi. Majaribio yanakuwa mazito tu, watu wanailaumu seva, na hatimaye wanazoea.

Playwright ni habari nyingine, kwa sababu haizungumzi WebDriver. Microsoft iliitoa Januari 2020, ikiongozwa na watu waliokuwa wameshiriki kujenga maktaba ya namna hiyo, Puppeteer, ndani ya Google, na kwa upande wa Chrome zote mbili hutumia Chrome DevTools Protocol, ile njia inayotumiwa na zana za wasanidi unazoziona ukibonyeza F12. Kitambulisho cha WebDriver hakina maana yoyote kwa Playwright. Mahali pa kukutania lazima pawe chini zaidi, kwenye kivinjari chenyewe.

Utaratibu ni huu. Chrome inafunguliwa na bendera ya --remote-debugging-port, kwa desturi ikipewa poti 9222. Selenium inaelezwa, kupitia chaguo la debuggerAddress, isifungue kivinjari kipya bali ijiunge na hicho kilichoko 127.0.0.1:9222. Playwright nayo inaitwa kwa connectOverCDP na anwani hiyohiyo. Chrome moja, wasemaji wawili, kila mmoja kwa itifaki yake. Upande huu kila msemaji ana kumbukumbu yake ya kichupo na fremu, kwa hiyo lile tatizo la fremu ya malipo halipo. Nyaraka za Playwright zinasema wazi kwamba muunganisho wa namna hii ni dhaifu kuliko ule wa itifaki yake yenyewe, na kwamba unafaa kwa vivinjari vya jamii ya Chromium tu.

Kosa linalowakuta karibu wote hapa ni la hatua ya kwanza baada ya kuunganisha. Anayeijua Playwright amezoea kuanza kwa newContext, naye hufanya hivyo kwa mazoea ya mkono. Muktadha mpya ni kama dirisha la hali fiche: hauna vidakuzi, na hauna habari ya akaunti ambayo Selenium imekwisha kuingia. Ukurasa wa kuingia unatokea tena, na mtu anahitimisha kwamba kushiriki kumeshindikana. Kumbe alichotakiwa ni kuchukua muktadha uliopo, wa kwanza katika orodha ya contexts, na ndani yake ukurasa uliokwisha kufunguliwa.

Visanduku vya onyo navyo vina mkasa wao. Playwright isipowekewa msikilizaji wa visanduku hivyo, huvifunga yenyewe papo hapo. Jaribio la Selenium lililoandikwa kusubiri onyo, kulisoma na kulikubali linaweza kukuta limekwisha kuondoka.

Marejeo ya vipengele hayavuki. Kitufe ambacho Selenium imekipata hakiwezi kukabidhiwa Playwright kama kilivyo; kinachoweza kukabidhiwa ni maelezo ya kukipata, yaani kiteuzi cha CSS au XPath. Kwa sababu hiyo timu zinazofanikiwa huweka viteuzi vyao mahali pamoja, nje ya maktaba zote mbili, na kila upande unasoma hapo.

Sasa kufunga. Amri ya quit ya Selenium humaliza kipindi. Amri ya close hufunga dirisha moja, lakini kiwango kinasema kwamba likiwa la mwisho, kipindi nacho kinakwisha, na maktaba ya pili itapewa kosa la kitambulisho batili. Puppeteer ina amri mbili: disconnect huondoka na kukiacha kivinjari kikiwa hai, ilhali close hukiua pamoja na kurasa zake zote. Kwa Playwright iliyojiunga na kivinjari cha mwingine, close hufuta miktadha iliyoiunda yenyewe kisha hujitenga. Neno moja, tabia tatu. Kwa maoni yangu, timu ikubaliane jambo moja tu kabla ya mengine yote: nani mwenye kivinjari. Huyo ndiye anayekifungua na ndiye peke yake anayekifunga. Mwingine ni mgeni, na mgeni hujitenga tu. Likikubaliwa hili na kuandikwa mwanzoni mwa faili, nusu ya matatizo ya sura hii hayatatokea.

Wanaotumia Selenium Grid, yaani vivinjari vilivyotawanywa kwenye kompyuta nyingi, wana njia nyingine. Playwright ina uwezo, ambao bado unaitwa wa majaribio, wa kuomba kivinjari cha Chrome au Edge kutoka kwenye Grid ya toleo la nne kwa kuwekewa anwani katika SELENIUM_REMOTE_URL. Inaomba kwa WebDriver, kisha inaendelea kwa DevTools. Hapo kinachoshirikiwa ni mitambo, si ukurasa uliokwisha kufunguliwa. Hata hivyo, kwa kampuni iliyowekeza kwenye Grid yake, hiyo ni nafuu kubwa.

Kuhusu usalama sitasema kwa upole. Poti ya DevTools ikiwa wazi, anayeifikia anasoma vidakuzi vyote, hata vile vilivyowekewa alama ya HttpOnly ili msimbo wa ukurasa usivione. Programu hasidi zimeitumia njia hii kuiba akaunti za watu, na ndiyo sababu Chrome 136, mwaka 2025, iliacha kuikubali bendera hiyo kwenye wasifu wa kawaida wa mtumiaji. Sasa ni lazima kutaja folda nyingine kwa --user-data-dir. Waliokuwa wakiyaendesha majaribio juu ya Chrome yao ya kila siku, yenye barua pepe zao na benki yao, walilalamika. Google ilifanya sahihi. Jaribio lipewe wasifu wake na akaunti yake ya majaribio, na poti hiyo isifunguliwe kwa mtandao wa nje kwa hali yoyote.

Tena, mara nyingi hakuna haja ya haya yote. Kama unachotaka ni kutoingia kwenye akaunti mara mbili tu, unachohitaji ni kile kipindi cha pili, cha vidakuzi. Playwright huhifadhi vidakuzi na localStorage kwenye faili kwa storageState, na kufungua muktadha mpya kutoka humo. Selenium huweza kusoma vidakuzi na kuvipanda, kwa sharti kwamba kivinjari kiwe tayari kwenye kikoa husika, vinginevyo hukataa. Kinachosahaulika ni sessionStorage, ambayo storageState haiichukui. Tovuti inayohifadhi uthibitisho wake humo itakudai uingie upya. Mbali na hilo, njia hii ni safi kuliko kushika kivinjari kimoja, kwa kuwa kila maktaba inabaki na dirisha lake na jaribio moja likianguka haliliangushi jingine. Kivinjari kimoja nakipendekeza pale tu ambapo hali yenyewe ya ukurasa, kwa mfano fomu iliyojazwa hadi hatua ya tano, haiwezi kubebwa kwenye faili.

Kinachokuja ni WebDriver BiDi, inayoandikwa W3C na watu wa vivinjari na wa maktaba kwa pamoja. Unaomba kipindi cha kawaida cha WebDriver, lakini unaongeza sharti la webSocketUrl, na katika jibu unapata anwani ya muunganisho wa pande mbili. Amri za kale zinaendelea kupita kwenye HTTP, na matukio ya ukurasa yanakuja kwenye muunganisho huo, yote chini ya kitambulisho kimoja. Selenium inautumia mfumo huu, na tangu mwaka 2024 Puppeteer huiongoza Firefox kwa njia hiyohiyo. Katika BiDi kila kipengele cha ukurasa kinaweza kubeba sharedId, na thamani yake ndiyo ileile inayokuja chini ya element-6066-11e4-a52e-4f735466cecf. Kitufe kilichopatikana kwa amri ya HTTP kinaweza kutumika kwenye muunganisho wa BiDi, na cha huku kikatumika kule, mradi kipindi ni kimoja na ukurasa haujapakiwa upya.